Risasi Imo Mtutuni

Babu yangu alifariki Jumamosi moja ya Desemba, saa tano na nusu asubuhi, akiwa chini ya mwembe wa uani na bakuli la uji mkononi. Nilikuwepo. Yeye mwenyewe alikuwepo. Wasiojua kwamba amefariki tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Tabora iliyobaki, kuanzia Isevya mpaka stesheni, ilishapata habari na wengine walishaanza kuchanga.

Chanzo ni mimi. Chanzo cha pili ni Kiswahili chetu, ambacho nazi kimeipa jina tangu ikiwa kidaka, ikawa dafu, ikawa koroma, mpaka ikakomaa, lakini kilipofika kwenye risasi kikachoka. Yale madini laini ya kijivu ni risasi. Kile kinachotoka kwenye bunduki kikaangusha mtu nacho ni risasi. Waarabu tuliolichukua neno kwao wana tatizo hilohilo, kwa hiyo hata kwa kulalamika hatuna pa kwenda.

Babu ni mstaafu wa reli. Ana shotigani ya mtutu mmoja, ya kukunja katikati, namba 12. Leseni yake imo kwenye mfuko wa nailoni, mfuko umo kwenye bahasha, bahasha imo kwenye sanduku la bati, na ufunguo wa sanduku uko kwenye pindo la kanga ya bibi. Usithubutu kumuuliza babu namba 12 maana yake nini. "Chukua ratili moja ya risasi," ataanza, na hapo ujue uji utapoa. "Iyeyushe. Igawe vigololi 12 vilivyo sawasawa. Kigololi kimoja ndicho upana wa mtutu huu." Nimeisikia hiyo tangu sijaota meno ya ukubwani. Hesabu za shule zilinishinda zote, lakini hiyo ya ratili niamshe usiku wa manane nitakujibu.

Kazi ya bunduki yenyewe ni kutishia ngedere na nguruwe pori wanaoingia shambani kwetu upande wa Uyui. Kutishia tu, maana miaka hii ya karibuni kila alichokilenga babu kiliondoka kwa miguu yake. Mwezi huo alikuwa amemaliza kupanda mahindi, na kanga wakawa wanakuja alfajiri kufukua mbegu mojamoja kama watu wanaookota pesa. Babu akataka kujua tatizo ni macho yake au ni bunduki. Akabandika ukurasa wa gazeti kwenye kichuguu, akarudi nyuma hatua thelathini, akapiga. Marisau, zile punje za risasi zinazotoka kwa mpigo mmoja, yakatoboa kingo zote nne za gazeti. Katikati palikuwa na picha ya mheshimiwa mmoja akizindua kisima, na mheshimiwa hakupata hata mkwaruzo.

"Si macho," babu akasema. "Ni mtutu."

Mimi nilikuwa likizo kutoka Dar, ambako nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Mtu akiuza vipuri miaka minne huanza kujiona injinia, hasa akirudi kwao.

Jumamosi hiyo, baada ya swala ya asubuhi na chai, babu akaitoa bunduki. Kwanza akaikunja, akachungulia chemba, akaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha hakuna kitu. Halafu akanipa mimi nichungulie na kuingiza changu. Halafu akamwita bibi. Ndivyo anavyofanya siku zote, macho ya watu watatu, na ndiyo sababu ana vidole vyote kumi. Kisha akachomoa ule ubao wa mbele, akautenga mtutu na kitako. Kitako na mtambo wake vikarudi sandukuni, sanduku likafungwa, ufunguo ukarudi kwenye pindo. Uani tukabaki na bomba la chuma. Lilikuwa halina hatari kuliko mchi wa bibi. Kumbuka hilo, maana baadaye hakuna aliyetaka kulisikia.

Babu akauelekeza mtutu angani akachungulia kwa nyuma, akanipa.

Ndani kulikuwa kunang'aa, duara ndani ya duara, kama unatazama kisima kilichojaa mwanga. Lakini karibu na mdomo, pale mtutu unapobanwa kidogo ili marisau yasitawanyike mapema, kulikuwa na michirizi ya kijivu iliyofifia. Umeona konokono akipita kwenye ukuta wa chokaa usiku wa mvua? Michirizi ya namna hiyo, mmoja juu ya mwingine.

"Risasi hiyo," babu akasema. "Imeganda."

Akanieleza kwamba risasi ni laini, unaikwaruza kwa ukucha. Chuma hakiyeyuki mpaka kipite nyuzijoto 1,500, lakini risasi kwenye 327 tu inakuwa uji. Katika magamba ya kizamani, yale yanayobeba baruti na marisau, marisau hayakukaa ndani ya kikombe cha plastiki kama ya siku hizi. Yalipita yakijisugua moja kwa moja kwenye chuma, moto wa baruti ukiwa nyuma yake, na kila mlio ukaacha utando. Babu alikuwa na akiba ya magamba ya kizamani, na aliyatumia mpaka la mwisho kwa sababu yalikuwa yamelipiwa.

"Niachie mimi," nikasema.

Nilishasoma kwenye simu. Unachanganya siki na ile dawa ya povu ya kusafishia vidonda, haidrojeni peroksaidi, unaimimina mtutuni, risasi inayeyuka yenyewe huku wewe umekaa. Nikaenda dukani nikarudi na chupa ya siki, nikapita duka la dawa. Muuzaji akaniuliza ni sikio gani linaloniuma. Nikasema ni mtutu wa bunduki. Akanitazama, akanihesabia chenji polepole sana, na sasa naamini yeye ndiye mtu wa kwanza kusambaza habari.

Babu alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: "Ikiyeyuka inakwenda wapi?"

"Inayeyuka tu, babu."

"Sukari ikiyeyuka kwenye chai imekwenda wapi?"

Nikarudi kwenye simu, nikasoma ile sehemu ya chini ambayo watu hatuisomi. Kumbe haiendi popote. Inageuka chumvi ya risasi, imo ndani ya maji, yanaonekana masafi, tena ladha yake ni tamu, na ni sumu kali kuliko risasi yenyewe ilivyokuwa imeganda pale. Zaidi ya hayo mchanganyiko huo unakula weusi wa chuma. Nikamsomea babu kwa sauti ndogo. Babu akatazama uani: wajukuu sita, kuku wasiohesabika, mbuzi wa jirani. Hakusema neno. Siki ikapelekwa jikoni. Dawa ya povu nikaambiwa nikae nayo mwenyewe, iko siku nitaumwa sikio.

Basi tukarudi kwenye njia ya wazee: mdeki, yaani ufito wa kusafishia mtutu, brashi ya shaba, na mkono. Mdeki wa babu ni wa vipande vitatu vinavyoungwa kwa hesi, na brashi inafungwa kwenye ncha. Brashi yenyewe ilikuwa imezeeka, nywele zimelala kama kichwa cha mtu aliyetoka usingizini. Hapo injinia akapata wazo. Ukiizungushia brashi nyuzi za shaba, inabana vizuri na kukwangua. Shaba ni ngumu kuliko risasi, lakini ni laini kuliko chuma. Itang'oa risasi na mtutu itauacha salama. Hilo ni kweli kabisa. Ukweli wangu uliishia hapo.

Jikoni kulikuwa na waya mpya wa kusugulia masufuria, wa rangi ya dhahabu, bado umo kwenye karatasi yake.

"Mume wangu, hicho unachokificha kwenye fulana ni nini?" bibi akauliza bila kugeuka. Bibi ananiita mume wake tangu nilipozaliwa, na kama mke yeyote, ana macho kisogoni.

"Nakwenda kusaidia, mke wangu."

"Basi utakaporudi kwako Dar utaniachia talaka na waya mpya."

Babu akauliza kama ni shaba kweli. Nikamwambia shaba tupu. Akasema ngoja alete sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, maana shaba haishikwi na sumaku. Nikamwambia babu, mimi nauza vipuri. Alinitazama kwa huruma ambayo wakati ule niliifikiria ni heshima.

Kinachotakiwa ni kuzungushia nyuzi chache tu. Mimi nilizungushia waya wote, kwa kuwa nilikuwa na haraka na risasi ilikuwa nyingi. Nikapaka mafuta, nikaingiza kwa nyuma. Ukapita. Tena ulipita kwa sauti nzuri ya kukwaruza, kama mtu anakuna ukoko. Nikamwambia babu unasikia? Akasema nasikia. Ulipofika pale mdomoni panapobana, ukasimama.

Nikasukuma. Nikavuta. Nikaweka mtutu kati ya mapaja, nikausokota mdeki kwenda kushoto. Ukalegea! Nikashangilia. Mdeki ukatoka mwepesi kama mwiko kwenye togwa, na kule kwenye ncha hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimefungua hesi. Brashi imebaki ndani, imevaa waya wa bibi kama bibi harusi.

Babu akakaa chini ya mwembe, akaomba uji.

Sasa kuna jambo moja nililikumbuka. Zamani, watu walitumia zebaki kutoa risasi kwenye mitutu. Zebaki inaishika risasi kama inavyoishika dhahabu, inaila mpaka inaachia. Na sisi tuna shangazi yetu Nzega, ambaye mumewe anahangaika na mashimo ya dhahabu, na wachimbaji wadogo huko zebaki wanaifahamu kuliko majina ya watoto wao. Nikapiga simu. Akapokea shangazi. Mtandao ulikuwa unakata, na simu yangu ilikuwa na chaji asilimia mbili. Nitayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, sitaongeza wala kupunguza.

"Shikamoo shangazi. Baba yupo? Tuna shida. Risasi imemganda babu kwenye mtutu. Tumejaribu kuitoa imekataa. Nimeingiza waya, na waya nao umebaki humohumo."

"Mungu wangu! Risasi? Babu yuko wapi?"

"Yupo hapa chini ya mwembe. Hasemi kitu."

"Hasemi?!"

"Amechoka tu. Mwambie baba alete zebaki haraka, maana tukichelewa..."

Simu ikazima. Nilitaka kusema tukichelewa jua litakuwa kali.

Nikaiweka simu kwenye chaji, umeme ukawa umekatika. Nikarudi kukaa na babu. Tulikaa vizuri tu. Upepo ulikuwa unapita, maembe yanaanguka moja moja, babu ananisimulia habari za treni ya mizigo iliyowahi kulala njiani siku mbili. Sisi tulikuwa kwenye kivuli. Nzega walikuwa wanalia.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani mmoja mfugaji wa nyuki, amevaa wavu usoni, mkononi ana bomba la moshi linafuka. Yeye aliambiwa babu kalipukiwa na mzinga. Lile nalo ni neno moja lenye kazi mbili, na kwa Tabora ukisema mzinga hakuna anayefikiria vita, watu wanafikiria asali. Akatazama mwembe, akazunguka nyumba akitafuta kundi la nyuki. Babu akamwamkia. Akaitikia kwa adabu akaendelea kutafuta.

Wa pili alikuwa mjumbe. Alikuja mbio, shati amelifunga vifungo vya kupishana, akapiga magoti mbele ya babu akamshika mkono.

"Mzee wangu. Pole. Risasi bado imo?"

"Imo," babu akasema. Alidhani mjumbe ameshasikia habari za mtutu, maana mtaani kwetu mambo hayachelewi.

"Inakuumiza?"

"Inanisumbua tangu mwaka juzi."

Mjumbe akameza mate. "Mwaka juzi! Na umekaa kimya?"

"Nilidhani ni macho."

"Hospitali wanasemaje?"

"Hospitali wanahusikaje? Huyu mjukuu wangu ndiye anayeitoa. Kaanza na waya wa sufuria."

Mjumbe aligeuka akanitazama mimi, na sitausahau ule uso. Nikafungua mdomo nieleze, lakini wakati huohuo vijana wa chama chetu cha kufa na kuzikana waliingia na mkokoteni. Ndani ya mkokoteni kulikuwa na turubai, viti vya plastiki na lile sufuria la pilau ambalo mtoto anaweza kuogea. Vijana wa turubai hawaulizi nani kafa. Wanauliza mlingoti uchimbiwe wapi. Babu mwenyewe ndiye aliyewaonyesha, akidhani kuna harusi kwa jirani wanahitaji nafasi. Akawaambia wasikanyage mche wa mpapai.

Akina mama wakaingia nyuma yao, kanga viunoni, mmoja ameshika kuni. Bibi aliposikia vilio akatoka jikoni akilia na yeye, kwa sababu mwanamke mwenye heshima hawezi kusikia watu wanalia kwake yeye akanyamaza. Dakika kumi nzima alilia kwa uchungu kabisa, akikumbatiwa, ndipo akauliza: "Jamani, kwani kafa nani?"

"Mumeo."

Bibi akanitafuta mimi kwanza. Aliponiona nimesimama, akashusha pumzi. Babu amelishika jambo hilo mpaka leo.

Halafu akaja mtani wetu Mzaramo. Wasiojua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo niwaambie kwa kifupi: mtani akija msibani kazi yake ni kuuharibu, na humkasirikii. Alipitia mlango wa mbele, akatungua kofia ya babu kwenye msumari, akaivaa, akaokota mkongojo, akaja uani amejikunja akikohoa. "Chukua ratili moja ya risasi," akasema kwa sauti ya babu. Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka kwenye mitandio. Akaendelea, akapiga chafya, akavuta kaptura, akadai deni lake la mwaka 1998. Alikuwa mzuri kweli. Akafika chini ya mwembe, ageuke hivi, akakutana uso kwa uso na marehemu.

"Mimi sikohoi hivyo," babu akasema. "Na hilo deni ni la kweli."

Mtani akavua kofia polepole. Hiyo ndiyo mara moja tu maishani nimemwona Mzaramo yule akikosa neno, ingawa haikudumu. "Wanyamwezi!" akapaza sauti. "Hata kufa kwenyewe mnafanya nusunusu!"

Ungetegemea jambo liishie hapo. Watu wamemwona mzee, yu hai, anakunywa uji. Lakini binadamu akishabeba kuni kutoka kwake haridhiki hivihivi. Wakataka kuiona hiyo risasi. Babu, ambaye anapenda kufundisha, akasimama, akachukua mtutu uliokuwa umeegemezwa kwenye shina, akauinua juani ili kila mmoja aone.

"Risasi imo humu," akasema, akauzungusha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia.

Sisi watu wa Tabora tuna kumbukumbu na mambo haya. Mji wetu ndio wa Mtemi Isike, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, aliona heri alitie moto ghala lake la baruti akiwa humohumo ndani kuliko kukamatwa. Kwa hiyo mzee wa Tabora akishika chuma na kusema neno risasi, hatusubiri maelezo. Uani pote watu walilala kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe. Viti vya plastiki vikapaa. Mjumbe akaingia ndani ya sufuria la pilau, nusu yake ya juu. Mfuga nyuki alikuwa ameshafika juu ya mwembe, wavu usoni, bomba la moshi bado linafuka. Aliyebaki wima ni mbuzi.

Hapo ndipo mgambo wa mtaa alipoingia, na rungu. "Laleni chini!" akapiga kelele. Akaona watu wote wamelala. Akafikiri kidogo, akalala na yeye.

Ilichukua muda kuwaeleza. Babu alilaza mtutu mezani, akaonyesha hauna kitako, hauna mtambo, hauna cha kuifunga chemba, ni bomba. Akaeleza risasi ya madini na risasi ya kupigia. Mtani akapinga kwa nguvu, akasema mbona na kalamu ya risasi inaitwa hivyo na haina risasi ndani? Babu akakiri kwamba kalamu ya risasi kweli haina risasi, ni kaboni iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Mjadala ukahamia huko, watu wazima wameketi kwenye viti vya msiba wanabishana juu ya penseli. Mimi nikaona huo ndio mwanya wa kulipa dhambi zangu.

Fundi baiskeli mmoja katika waombolezaji ndiye aliyekuwa na akili. Akasema kitu kikikwama kwenye sehemu nyembamba usikisukume kwenda kwenye wembamba, kirudishe kilikotoka. Tukatia mafuta kwa mdomo wa mtutu, tukasubiri. Akachonga kijiti cha mninga kikaingia sawasawa bila kuchubua chuma, akaufunga mtutu kwenye jiliwa lililofunikwa gunia, nyuma ya mtutu ikitazama mlangoni. Nikaanza kugonga kijiti kwa nyundo ya mbao, tok, tok, tok. Brashi ikasogea upana wa ukucha. Tok, tok. Ikagoma.

"Naona!" Ni mgambo. Alikuwa amechuchumaa upande wa pili, anachungulia, maana serikali lazima ijiridhishe. "Naona inakuja! Piga!"

Nikapiga.

Kikatoka kwa mlio wa kizibo. Brashi, waya wa bibi, mafuta meusi na vipande vya risasi vikamkita kifuani. Mgambo akaanguka chali, akajishika, akaona vidole vimekuwa vyeusi.

"Nimepigwa risasi!" akalia.

Na ukweli usemwe, alikuwa amepigwa risasi. Ilikuwa imetapakaa kwenye shati lake lote, vipande vyembamba vya kijivu, vinapinda kama karatasi ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Watu walisogea kutazama. Nusu ya mtaa ilikuwa imefunga maduka kwa ajili ya kitu ambacho chote kwa pamoja hakijazi kijiko cha chai.

"Ndiyo yenyewe hii?" akauliza mama aliyeleta kuni. Sijawahi kusikia mtu amevunjika moyo kiasi kile.

Babu akachukua ile sumaku ya redio, akaisogeza karibu na waya wa dhahabu. Tap! Ukarukia. Chuma kitupu kilichopakwa rangi. Babu akachungulia mtutu juani muda mrefu, akaona hakuna mkwaruzo, akashukuru Mungu na wala si mimi. Akaamuru kila aliyeshika kitu anawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, mgambo avue shati, vitambaa na vile vipande viingizwe kwenye kopo lenye mfuniko, watoto wakae mbali. Akanisimamia nikifagia, tena nikifuta kwa kitambaa chenye maji ili vumbi lisipae. Risasi haihitaji kupigwa ndipo ikudhuru, alisema, ukiila kidogokidogo inatosha.

Pilau lilikuwa limeshaiva. Mchele ukishaingia kwenye supu haurudi gunia, kwa hiyo tulikula msiba wa babu pamoja na babu. Kachumbari ilitiwa siki yangu, na kwa hilo peke yake nilisifiwa.

Saa kumi hivi Noah ikasimama nje. Shangazi alishukia mlangoni kwa kilio ambacho alikuwa amekitunza tangu Nzega. Akaangukia kifua cha mtu wa kwanza aliyemfuata kumpokea, akalia pale, akamshika bega, akainua uso. Alikuwa babu, ana paja la kuku mkononi. Tulimfuata shangazi mpaka karibu na barabara ya lami ndipo tukamkamata.

Mumewe alikuja nyuma, ana kichupa kidogo kimefungwa kwenye soksi mbili. Kizito ajabu. Babu akakipokea kwa ncha za vidole, akakirudisha hapohapo. Alimweleza kwamba ni kweli zamani iliwahi kutumika, lakini mvuke wake hauonekani wala haunuki, na unaingia kichwani ukakaa. Akamsihi na yeye aache kuichoma nyumbani. Mume wa shangazi akasema sawa baba, kwa namna ya mtu anayesema sawa. Kichupa kikarudi Nzega ndani ya soksi zake.

Jumatatu babu alibandika gazeti jingine kwenye kichuguu. Mheshimiwa wa safari hii aliondoka na matundu ya kutosha.

Kilichobaki ni daftari. Mweka hazina wa chama ni mtu makini, na alishaandika kwa wino: jina la babu, turubai moja, viti hamsini, mchele kilo ishirini. Daftari lile halifutwi, na kila mwanachama anastahili turubai mara moja tu. Babu akalalamika kwamba hajafa. Mweka hazina akasema hilo analiona, lakini mchele nao umeliwa, na yeye babu alirudia sahani. Walikaa vikao vitatu. Mwisho wakakubaliana kwamba ihesabiwe kuwa babu kachukua huduma yake mapema, na pembeni mwa jina iandikwe neno moja kwa kalamu ya risasi, ili siku ikitokea lifutike. Neno lenyewe lilikuwa "ametanguliza".

Babu akaletewa aone. Akavaa miwani, akasoma: "Ametangulia."

Akaomba kalamu, akachomeka z.